Handikapu ya Gofu Hupigwaje Hesabu? Soma Hii Kabla Bosi Akuite Uwanjani Kisumu

Picha ni hii. Umeenda ocha Asembo Bay wikendi, umekaa tu ufuoni ukicheki omena ikianikwa, simu inalia. Ni bosi wako wa Kisumu. Leo hana stori ya kazi. Kampuni imealikwa kwa mashindano ya gofu, timu imepungukiwa na mtu mmoja, na amesikia ati wewe huwa unajaribu jaribu. Halafu anakuuliza, "Handikapu yako ni ngapi?"

Ukimjibu ati uko sawa kiafya, ofisi itakucheka mpaka Krisi. Ukibahatisha namba ndio noma zaidi. Ukisema 10 na wewe hujawahi kumaliza raundi chini ya shoti 100, utalimwa mbele ya macustomer. Ukisema 40 halafu ucheze kama mtu wa 15, watu watakuangalia vile wanaangalia mtu amebeba sinia ya harusi kwenda kwao. Hio namba si ya kuokota. Ina hesabu yake, na ukiielewa hata gofu kwa TV itaanza kukuingia.

Handikapu ni kitu gani

Gofu ni mchezo wa kuhesabu shoti, na mwenye shoti chache ndiye anashinda. Kila shimo lina par, yaani idadi ya shoti ambayo mchezaji mkali anatarajiwa kutumia: 3, 4 ama 5. Ukijumlisha mashimo 18, viwanja vingi vinafika 70, 71 ama 72.

Sasa chukua jaduong' ambaye amecheza ajua tangu utotoni, umweke na wewe uliyejifunza Krisi iliyopita. Mkianza sawa, hio si mechi, ni mazishi. Nasema kutokana na uzoefu, nishazikwa mara nyingi. Lakini akikuachia mbegu kadhaa kabla ya kuanza, ghafla na yeye analazimika kufikiria. Kwa pool mtaani ni vile vile, mkali anakupea mipira miwili ndio doo iwekwe mezani.

Handikapu ni hizo mbegu. Ni shoti ambazo unapunguziwa mwisho wa raundi ndio wewe na mkali muweze kulinganishwa. Kipimo cha ukali ni sifuri, na mtu wa sifuri wanamwita skrachi. Walio wakali kuliko hapo hubeba alama ya kujumlisha mbele ya namba yao, na wao badala ya kupunguziwa ndio huongezewa shoti. Maprofesheno kama Dismas Indiza wa Mumias hawana habari na hii maneno wakicheza mashindano yao. Kule shoti ulizopiga ndizo shoti zako, kwisha.

Hilo neno halikutoka kwa ulemavu. Asili yake ni mchezo wa kale wa Uingereza wa kubadilishana mali, ambapo watu walitia mikono na pesa ndani ya kofia, "hand in cap". Baadaye likahamia mbio za farasi, farasi mwenye nguvu akabebeshwa uzito zaidi, ndio gofu ikalichukua. Na waliosimama kidete kuifanya hesabu iwe moja kwa klabu zote walikuwa wanawake: Issette Pearson na wenzake wa Ladies Golf Union, iliyoanzishwa 1893 huko Uingereza. Wakati huo wanaume bado walikuwa wanapimana kila klabu na kipimo yake.

Hadi juzi dunia ilikuwa na mifumo 6 tofauti ya handikapu. Januari 2020 mashirika mawili yanayosimamia sheria za gofu duniani, The R&A na USGA, yaliileta pamoja kwa mfumo mmoja, World Handicap System. Kenya pia inatumia huo. Maana yake namba unayotengeneza Kisumu inaeleweka Kampala, Dubai na Texas.

Uwanja nao una namba zake

Hapa ndipo wasee wengi hupotea, kwa hivyo tutaenda polepole.

Kufunga shoti 95 kwa uwanja rahisi si sawa na kufunga 95 kwa uwanja umejaa maji na miti. Kwa hivyo kabla yako kupimwa, uwanja unapimwa kwanza. Timu iliyofunzwa inaenda na vipimo, inaangalia urefu, mitego ya mchanga, maji, upana wa njia, mteremko wa kijani cha shimo. Wakimaliza wanatoa namba mbili kwa kila tii, na za wanaume na wanawake hutolewa mbali mbali.

Namba ya kwanza ni reti ya uwanja. Hii ni shoti ambazo mtu wa skrachi anatarajiwa kutumia akicheza vizuri siku ya kawaida. Inaandikwa na desimali, mfano 70.4. Unaona sasa si lazima ilingane na par. Uwanja wa par 72 unaweza kuwa na reti ya 70.4, yaani mkali anatarajiwa kuumaliza chini ya par.

Namba ya pili inaitwa slopu. Wengi hudhani slopu ni ugumu wa uwanja. Hapana. Slopu inapima ni kiasi gani uwanja unamuumiza mchezaji wa kawaida kuliko unavyomuumiza mkali.

Fikiria kupiga kasia kwa ziwa. Siku maji yametulia tuli, mvuvi wa miaka 20 na wewe uliyezoea kukalia mathree mnaweza kuvuka kitu karibu sawa, yeye atakuacha kidogo tu. Siku upepo umeamka kutoka upande wa Mbita, yeye atachelewa dakika kadhaa. Wewe utakuwa bado uko katikati unatapika na kuita mama. Mawimbi yamewapiga wote, lakini pengo kati yenu limepanuka. Hilo pengo ndio slopu.

Slopu huanzia 55 hadi 155, na uwanja wa kawaida umewekwa 113. Kwa wanaume huchukuliwa mchezaji mwenye indeksi ya karibu 20, kwa wanawake karibu 24, inapigwa hesabu atafunga shoti ngapi hapo, halafu inalinganishwa na za mtu wa skrachi. Aliyeileta hii akili ni Dean Knuth, jamaa aliyekuwa afisa wa jeshi la majini la Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1970. Kabla yake, mtu aliyetengeneza handikapu kwa uwanja mwepesi alikuwa anaumia akienda kwa uwanja mgumu, na hakuna aliyeweza kumwelezea mbona.

Kadi zako tatu za kwanza

Twende kwa hesabu yako sasa. Uwanja wa mfano wetu una par 72, reti 70.4 na slopu 124. Hizi namba nimeziweka mimi ndio tufundishane. Za uwanja wako utazikuta kwa kadi ama kwa ubao wa klabu.

Kuanza unahitaji mashimo 54 tu, yaani raundi 3 za mashimo 18, ama raundi za mashimo 9 zikijumlishwa. Hio ya 9 ni poa kwetu, juu viwanja vingi vya mikoani vina mashimo 9 na unavizunguka mara mbili. Tuseme umeleta kadi tatu: 112, 107 na 104. Usione haya. Hizo ni namba za mtu wa kawaida anayeanza.

Kila kadi inageuzwa kuwa alama ya raundi. Unachukua shoti zako, unatoa reti ya uwanja, unazidisha kwa 113, unagawanya kwa slopu. Kadi ya 104 inaenda hivi: 104 kutoa 70.4 ni 33.6. Zidisha kwa 113, gawanya kwa 124, unapata 30.6. Ile ya 107 inatoka 33.4 na ya 112 inatoka 37.9.

Ukiwa na kadi 3 tu, mfumo unachukua ile bora moja halafu unaikata 2.0. Kwa hivyo 30.6 kutoa 2.0 ni 28.6. Hio ndio indeksi yako. Sasa bosi akipiga simu una kitu cha kumwambia.

Mbona wakate 2.0? Juu wanaoanza huwa wanaimarika haraka, na mfumo haukupi muda wa kufaidi ukijifanya mjinga. Ukileta kadi ya 4 wanakata 1.0 tu, ukifika 5 hawakati kitu. Kutoka 6 wanaanza kutumia wastani wa kadi 2 bora, na idadi inaongezeka polepole hadi ufike kadi 20. Indeksi ya juu kabisa ni 54.0, kwa wote, mwanamke kwa mwanaume. Hakuna mtu ni mbaya sana hadi akose handikapu.

Nane bora kati ya ishirini

Ukishafikisha kadi 20 mambo yanatulia. Kompyuta inaangalia alama zako 20 za mwisho, inachagua 8 zilizo bora, inatafuta wastani wake. Hio ndio indeksi. Ukileta kadi mpya, ile ya zamani kabisa inaanguka na hesabu inafanywa tena.

Hebu tulia hapo kidogo. Raundi zako 12 mbovu hazijahesabiwa kabisa. Siku ile uliamka na hangover, siku ile mliopigana na dem wako, siku ile mipira minne iliingia kwa maji, zote zimewekwa kando. Kwa hivyo handikapu si wastani wako. Ni wastani wa siku zako nzuri.

Na hii ndio inavunja wasee roho. Mtu anapata indeksi ya 18, anaenda uwanjani akitarajia kucheza 18 kila Jumamosi, anacheza 22, anacheza 24, anaanza kusema amerogwa. Hujarogwa, omera. Angalia hesabu: kati ya raundi 20, ni 8 zimehesabiwa, na kati ya hizo 8 takriban nusu ndio ziko chini ya wastani wao. Hizo ni kama 4. Kwa hivyo kuifikia handikapu yako ama kuipita ni kitu cha mara 1 kati ya 5 hivi. Zingine zote uko nyuma, na hio ni kawaida kabisa.

Kuna mabreki pia. Mfumo unakumbuka indeksi yako ya chini kabisa ndani ya siku 365 zilizopita. Ikiwa ilikuwa 14.0 na sasa hesabu inasema 20.0, umepanda 6.0. Zile 3.0 za kwanza unapewa zote, zinazobaki zinakatwa nusu, kwa hivyo unaandikwa 18.5. Na hata ucheze vibaya namna gani, haiwezi kupita 5.0 juu ya ile ya chini, yaani 19.0. Kushuka hakuna breki. Ukileta alama iliyo bora kuliko indeksi yako kwa 7.0 hadi 9.9, unakatwa 1.0 ya ziada papo hapo, na ikifika 10.0 na zaidi unakatwa 2.0. Mfumo unakuamini haraka ukiwa mkali na polepole ukiwa mnyonge. Ngoja tufike kwa wezi utaona mbona.

Wewe na bosi, nani anashinda

Indeksi haichezwi hivyo ilivyo. Ukifika uwanjani inageuzwa iendane na uwanja huo: indeksi mara slopu, gawanya kwa 113, halafu ongeza tofauti ya reti na par. Yako ya 28.6 kwa uwanja wetu ni 31.4, na juu reti iko chini ya par kwa 1.6, inabaki 29.8. Hio ni handikapu ya uwanja ya 30.

Peleka indeksi hio hio kwa uwanja mwepesi wa slopu 105, reti 68.0 na par 71, unapewa shoti 24. Peleka kwa uwanja mkatili wa slopu 138, reti 73.5 na par 72, unapewa 36. Mtu ni yule yule, tofauti ni shoti 12. Ndio maana msee akikuambia "mimi ni 24" lazima umuulize wapi.

Kwa mashindano ya kuhesabu shoti za mtu mmoja mmoja, unapewa asilimia 95 ya hio. Yako inakuwa 28. Bosi wako tuseme ana indeksi ya 9.4. Yake inatoka 9 ya uwanja, na 8 ya mashindano.

Siku imefika. Bosi anapiga 82. Wewe umehangaika kwa majani, umepoteza mipira, umemaliza na 101. Kwa macho ya mtu anayepita, umenyolewa kwa shoti 19. Lakini 82 kutoa 8 ni 74. Na 101 kutoa 28 ni 73. Umeshinda. Jumatatu ofisini utaamua mwenyewe kama utaongea ama utanyamaza.

Mkicheza ana kwa ana, shimo kwa shimo, hapo ni asilimia 100: 30 kutoa 9, anakupa shoti 21. Zinasambazwa kwa namba ya ugumu iliyo kwa kadi, kutoka shimo namba 1 lililo gumu hadi 18. Utapata shoti moja kila shimo, na ya pili kwa yale matatu magumu zaidi.

Mashindano mengi ya makampuni huchezwa kwa pointi, mtindo wa Stableford. Ukifikia par ya shimo baada ya kutoa shoti zako unapata pointi 2, ukizidi kwa moja unapata 1, ukizidi kwa mbili ni sifuri na unaokota mpira wako. Mashimo 18 mara 2 ni 36, kwa hivyo anayepata 36 amecheza handikapu yake barabara. Weka hio 36 kichwani, itakusaidia mbele.

Shimo moja haliwezi kukuzika

Kila mtu huwa na shimo lake la aibu. Uko kwa shimo la par 4, mpira umeingia maji, umedondosha mwingine, nao umeingia maji, kufika kijani umeshahesabu 11. Kwa mashindano ya kuhesabu shoti, hio 11 ni yako, ibebe. Lakini kwa hesabu ya handikapu inakatwa. Kila shimo lina kikomo: par, ongeza 2, ongeza shoti unazopewa hapo. Kama kwa shimo hilo unapewa 2, kikomo ni 8, na ndio itaingia kwa kompyuta. Wanaoanza ambao hawana indeksi wana kikomo cha par na 5.

Hii haikuwekwa kwa huruma. Bila kikomo, shimo moja la 11 lingechafua kadi nzima na kudanganya kuhusu uwezo wako. Pia lingempa mwizi njia rahisi sana ya kupandisha namba yake.

Kuna suala la hali ya hewa pia. Mwenye amecheza kando ya ziwa anajua vile upepo wa alasiri hubadilisha kila kitu. Kama siku hio kadi zisizopungua 8 zimeletwa kwa uwanja huo, kompyuta inaangalia kama watu kwa jumla wamecheza vibaya kuliko ilivyotarajiwa. Ikiona hivyo inarekebisha, kutoka kukata 1 hadi kuongeza 3. Kwa hivyo ile 104 uliyopiga siku ya dhoruba inaweza kuhesabiwa kuwa nzuri kuliko 104 ya asubuhi tulivu.

Viboko hawana marekebisho kwa kompyuta, lakini wana sheria. Klabu ya Nyanza ya Kisumu ilijulikana duniani kwa sheria yake ya nyumbani ya enzi za ukoloni: mpira ukitua karibu na kiboko ama mamba kiasi cha hatari, unaruhusiwa kudondosha mwingine mahali salama, si karibu zaidi na shimo, bila adhabu. Vitabu vya gofu vya wazungu huipenda sana hio. Wao wanacheka. Sisi tuliokulia kando ya ziwa tunaona ni busara tu.

Wezi wa handikapu

Sasa tufike kwa ngori yenyewe. Mfumo huu wote umesimama juu ya kadi, na kadi huandikwa na binadamu.

Kuna mwizi wa aina mbili. Wa kwanza anajishusha ndio aonekane mkali. Anasahau shoti moja hapa, anajipea mpira wa futi nne pale, mwisho wa mwezi anatembea akitangaza yeye ni 7. Huyu anajiumiza mwenyewe, juu siku ya mashindano anapewa shoti 7 na anahitaji 15. Mwacheni.

Wa pili ndiye hatari. Anaficha makali. Raundi akicheza vizuri kadi inapotea, akicheza vibaya analeta mbio. Indeksi inapanda hadi 22 na yeye ni mtu wa 14. Halafu siku ya mashindano yenye zawadi mezani anaamka. Kumbuka ile 36. Mtu akishinda na 39 ama 40, mpe mkono, amekuwa na siku yake. Akirudi na 47, utaona vile makofi yatakuwa mepesi.

Zawadi za mashindano ya handikapu kwa wachezaji wa ridhaa haziruhusiwi kuwa pesa taslimu, na thamani yake ina kikomo cha dola 1,000. Lakini TV ni TV, na hapo chini kuna beti za pembeni ambazo hakuna mtu anaandika. Mwenye anaumia si bosi. Ni yule kijana ameleta kadi zake zote, nzuri na mbaya, amefanya mazoezi miezi mitatu, amepata 38 ya haki, halafu anapigwa na mtu ambaye namba yake ni ya kutengenezwa. Nimemwona mmoja hivyo, kimya kwa parking, anafungua viatu pole pole.

Ndio maana mfumo umewekwa masikio. Kadi uliyocheza peke yako haikubaliki. Lazima mliyecheza naye athibitishe. Kadi zinaonekana na wanachama wenzako, na kamati ya handikapu ya klabu inaweza kukuita na kukukata. Yale mabreki ya kupanda na ile adhabu ya kushuka ghafla yaliwekwa kwa ajili ya huyu huyu. Lakini hakuna kompyuta inayojua kadi ambayo haikuletwa. Kedi ndiye anajua. Amebeba mkoba wako raundi zote 20, na ukitaka kujua handikapu ya kweli ya mtu yeyote pale klabuni, hio ndio ofisi ya kuuliza.

Utaipataje ukitoka Asembo

Asembo Bay hakuna uwanja wa gofu, hio tuseme wazi. Kwa wewe safari ni ya Kisumu. Na handikapu rasmi haipatikani kwa kupakua app na kujiandika. Lazima uwe chini ya klabu iliyosajiliwa, ambayo inaingiza kadi zako kwa mfumo. Ada ya uanachama ndio ukuta mkubwa kwa vijana, na hakuna haja ya kupamba.

Kwa hivyo uliza maswali ya maana kabla ya kukata tamaa. Uliza kama klabu ina uanachama wa vijana ama wa kulipa kwa awamu. Uliza kama kampuni yako ina uanachama wa kampuni, nyingi huwa nao na nafasi zinakaa tupu. Usinunue seti mpya ya virungu, tafuta ya mtumba, virungu 7 vinatosha mwaka wa kwanza. Na kama wewe ni kedi, wengi wenu mnacheza kuliko wanachama mnaowabebea, siku zile mnaruhusiwa uwanjani, mara nyingi Jumatatu. Lakini bila kadi zilizothibitishwa hakuna namba, na bila namba mashindano ya Jumamosi unayaona ukiwa na mkoba wa mtu begani. Uliza kapteni wa klabu jinsi raundi zenu zinaweza kuanza kuhesabiwa. Kuna vipaji vingi vimezeeka hapo hapo juu hakuna aliyeuliza.

Ukipata nafasi, zile raundi 3 za kwanza cheza na mtu anayejua sheria. Hesabu kila shoti, hata ile ulikosa mpira ukapiga hewa, juu ulikuwa unataka kuupiga na hio ni shoti. Kadi ikijaa, soma shimo kwa shimo na mwenzako, msaini wote wawili, ipeleke siku hio hio hata kama ni 118.